Amani Madogo

Kwa nini, nilipopewa nafasi ya kutupa dadu upya, nilikataa? Swali hili nimehama nalo kutoka nyumba moja ya mwalimu hadi nyingine, na bado sina jibu ninaloweza kulisimamia mbele ya mtu. Ujanani nilikuwa na majibu mengi mno. Nilisema naheshimu kanuni za mchezo. Nilisema nimekwisha kumzoea Sudi na siwezi kumbadilisha kama mtu anavyobadilisha shati. Sudi hakuwa mtu wa damu na nyama. Alikuwa askari wa kubuni, aliyezaliwa juu ya gunia la kahawa katika chumba cha nyuma cha duka moja la Kayanga, kutokana na dadu tatu za ludo na sauti ya kijana aliyeitwa Evodius. Sifa zilikuwa sita. Kwa kila sifa ulitupa dadu tatu mara moja, ukajumlisha, jumla ikaandikwa, na mtu akawa amepatikana. Sifa ya kwanza ya Sudi ilipata tano. Kati ya tatu, ambayo ni balaa, na kumi na nane, ambayo ni muujiza, tano ni namba ya mtu anayetazamwa na wenzake kwa huruma. Baadaye niliambiwa kwamba naweza kuitupa upya, nikasema hapana.

Swali lilikuwa limelala kwa muda mrefu. Lililoliamsha ni simu ya Jasson, iliyonikuta mstarini mbele ya wanafunzi, asubuhi ya baridi, nikiwa katikati ya tangazo kuhusu usafi wa mabweni. “Tatu,” alisema, “Evo ametutoka.” Wapo watu wengi wanaonijua, lakini waliokuwa wakiniita kwa jina langu tupu, bila mwalimu wala mama mbele yake, walikuwa wamebaki wawili, na kwa sentensi ile akawa amebaki mmoja. Nilimaliza tangazo. Hilo ni jambo ambalo nimejifunza kulifanya vizuri kuliko inavyofaa: kumaliza tangazo. Kisha nikaomba ruhusa, nikapanda basi, na siku iliyofuata nikashuka stendi ya Kayanga na miguu iliyovimba. Jasson alikuwa akinisubiri, mvi zimemjaa, tumbo la mwenye duka limemtangulia. Aliunyoosha mkono kwenye begi langu.

“Lete.”

“Nalimudu.”

“Najua unalimudu. Nimesema lete, sikusema umeshindwa.”

Sikumpa. Alicheka, akatikisa kichwa, akasema, “Bado wewe tu,” na tukaenda hivyo hadi kwenye gari lake, yeye mikono mitupu, mimi nimeinamia upande mmoja.

Lazima niseme pia nilichokuwa nimekibeba kichwani, kwa sababu ndicho kilichoifanya safari ile iwe kama ilivyokuwa. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa ameniomba, kwa maneno mazuri ya kunisifu, nihamie shule nyingine ya bweni, mbali sana kusini, shule ambayo walimu walikuwa hawaongei na wanafunzi walikuwa wamevunja vioo vya bwalo. Ingekuwa shule yangu ya nne ya aina hiyo. Mara tatu nilikwishatumwa kwenye shule iliyoshindikana, nikaikuta imelala chini, nikaiinua, na mara tu ilipoanza kusimama, nikaondolewa. Mara zote nilikubali kabla mtu hajamaliza kuomba. Safari hii daktari alikuwa amenieleza kuhusu shinikizo langu la damu kwa sauti ambayo madaktari huitumia wanapoacha kubembeleza, na kwa mara ya kwanza niliomba muda. Tulikubaliana na mkubwa wangu kwamba nitamjibu asubuhi ya baada ya maziko. Nilijua nitakubali. Nilikuwa na maelezo yangu ya siku zote kuhusu mimi ni mtu wa namna gani, na maelezo hayo yalikuwa yametoka Kayanga.

Baba alihamishiwa Karagwe kikazi nilipokuwa nimemaliza kidato cha sita. Juu ya familia hayo yanatosha. Nilikuwa nasubiri matokeo na chuo katika mji ambao sikuwa na mtu ninayemjua, miongoni mwa watu walioongea Kinyambo majumbani na Kihaya madukani, wakanigeuzia Kiswahili kwa adabu kila nilipoingia, kama watu wanaovua viatu kwa ajili ya mgeni. Mimi nilikuwa na Kiswahili peke yake, na nilikuwa na kiburi nacho. Jasson nilimpata kwa sababu mama yake, mfanyabiashara aliyetoka Muleba, ndiye aliyeuza sabuni na mafuta ya taa mtaani kwetu. Chumba cha nyuma cha duka lile nakikumbuka kuliko vyumba vingi nilivyolala. Kilinuka sabuni ya mche na kahawa kavu. Kulikuwa na magunia yaliyopangwa hadi chini ya dirisha, dirisha lilitazama migomba, na mvua ikinyesha juu ya bati ilibidi mtu asogee ili asikike. Tulikula humo humo: ndizi zilizopikwa pamoja na maharage katika sufuria moja, chai ya maziwa iliyokuwa na tangawizi nyingi kupita kiasi, na msimu wa senene ulipofika, senene waliokaangwa, ambao mwanzoni niliwala nimefumba macho na mwishoni niliwagombania.

Evodius alikuja kwa baiskeli kutoka Bweranyange, mikungu ya ndizi imefungwa nyuma, na baada ya kuishusha dukani hakuondoka. Alikuwa amesoma Uganda tangu utotoni kwa ndugu wa mama yake, na alikuwa amerudi kwa sababu baba yake aliugua na shamba lilihitaji mtu. Alirudi na sanduku la nguo na bunda la makaratasi yaliyorudufiwa, yasiyo na jalada, yenye kanuni za mchezo wa kubuni ambao wanafunzi wenzake walikuwa wakiucheza bwenini. Mmoja anasimulia, alitueleza. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Mambo yakiwa na mashaka, dadu zinaamua.

“Na nani anashinda?” Jasson aliuliza.

“Hakuna anayeshinda.”

“Sasa sisi tunafanya nini?”

“Mnajitahidi msife.”

“Hiyo naifanya bure kila siku,” alisema Jasson, lakini alikwisha kwenda kuleta dadu za ludo kutoka rafu ya dukani.

Makaratasi yalikuwa ya Kiingereza, na Evodius aliamua kwamba tutacheza kwa lugha ya watu waliomo chumbani. Aliandika sifa sita kwa herufi kubwa, akifikiri huku ameuma kalamu. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyelelewa ng’ambo, kikitembea taratibu na kukanyaga pembeni, nami nilikuwa nakisahihisha kila kilipoteleza, jambo ambalo alilivumilia kwa upole wa ajabu. AMANI, aliandika kwanza. Kisha WEPESI, MWILI, AKILI, BUSARA, MVUTO. Sikushangazwa na lile la kwanza. Nilifikiri waliotunga mchezo huu walikuwa watu wenye hekima, kuanza kumpima mtu kwa amani yake kabla ya kumpima akili. Tukatupa. Dadu zilitupwa ndani ya bakuli la bati lililotandikwa kipande cha kitenge ili zisipige kelele, na kanuni ya Evodius ilikuwa moja: kwa mpangilio, mara moja, kinachodondoka ndicho chako. Jasson alipata kumi na sita kwenye amani, akapiga kelele iliyokifanya kile kitenge kisiwe na maana. Kwenye akili akapata sita.

“Imegonga ukingo!” alisema. “Hiyo haihesabiwi.”

“Inahesabiwa.”

“Evo, imegonga ukingo wa bakuli, Tatu ameona.”

“Ulipozaliwa,” Evodius alisema, akiandika, “nani alisema umegonga ukingo?”

“Basi mtu wangu ataitwa Dume la Rugera,” alisema Jasson, “na hatahitaji akili. Haya, Tatu atupe dadu tatu.” Mzaha huo juu ya jina langu ulikuwa umeanza siku ile ile na haukukoma mwaka mzima. Nilitupa. Moja, moja, tatu.

Evodius alitazama bakuli kwa masikitiko ya kweli. “Amani yako madogo,” alisema. “Madogo sana.”

“Amani ndogo,” nikamsahihisha. “Hatusemi amani madogo.”

“Amani ndogo,” akarudia, kama mwanafunzi mwema. Namba nyingine zilikuja za kawaida, tisa, kumi, kumi na moja. Watu wengi ni kumi, alituambia, dadu tatu zinapenda katikati. Aliposikia kwamba nataka Sudi awe askari, aliiweka kalamu chini. “Huyu hawezi kuwa askari. Mfanye mganga. Mfanye mwizi.”

“Kwa nini asiweze? Askari asiye na amani ndiye askari hasa.”

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni ambaye tayari yuko nyumbani kwake. Kisha akaandika: askari.

Mama Jasson alitufumania juma lile lile. Alikuwa Mlutheri wa kukaa kiti cha mbele, na alichokiona mlangoni ni vijana watatu, bakuli na dadu. “Kamari,” alisema, hata bila kupandisha sauti. “Nyuma ya duka langu.” Evodius alisimama, akampa shikamoo, akamweleza kwamba hakuna anayeweka kitu na hakuna anayekula kitu, dadu zinaonyesha tu mtu amezaliwaje. “Kuzaliwa anajua Mungu.” “Ndiyo, mama. Sisi tunabuni wa uongo.” Alilitazama bakuli, mikono imejaa unga, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayekagua mzani: “Na mimi ningezaliwaje?” Tulimpa bakuli. Aliomba kimya kimya kwanza. Midomo yake niliiona ikicheza. Amani, kumi na nne. “Mnaona?” alisema, ameridhika. “Gunia la sukari nabeba mwenyewe, simwiti mtu.” Nilicheka pamoja na wengine, nilielewa kwamba mtu mwenye moyo uliotulia hubeba mzigo wake bila kulalamika, na niliona ni neno zuri. Mvuto ulipokuja kumi na saba, aliliweka bakuli chini kwa heshima. “Mwambieni baba Jasson,” alisema, “kwamba hata dadu zinajua.” Tangu siku hiyo hatukusumbuliwa tena, na mara kwa mara, akipita na chai, aliuliza, “Yule askari asiyejiweza amekufa?” “Bado, mama.” “Mh. Mungu mkubwa.”

Sudi hakufa, ingawa alishindwa karibu kila kitu. Kulikuwa na siku moja ambayo nimeirudia kichwani mara nyingi. Katika simulizi ya Evodius mto ulikuwa umefurika bondeni, gogo limeangukia kibanda, na chini yake palikuwa na mtoto aliye hai. Dume la Rugera lilikuwa ng’ambo. Sudi alikuwa peke yake. “Amani,” alisema Evodius, akinisogezea bakuli. Nilitakiwa nipate tano au chini yake. Nilipata kumi na mbili. “Umeshindwa. Gogo halisogei.” Na mimi, ambaye kwa miezi nilikuwa nikijiuliza amani inahusiana vipi na kuinua magogo, siku ile nililijua jibu. Nilisema halisogei kwa sababu kila anapoliinamia anaiona nyumba aliyoiacha ikiwaka, na mikono inamtetemeka. Nilisema nguvu anazo. Nguvu hazijawahi kuwa shida ya mtu huyu. Kinachokosekana ni utulivu wa kuzitumia, na kwa kuwa hana utulivu, hatakaa mahali popote, atainua na kuondoka, atainua na kuondoka, mpaka siku moja gogo moja likubali. Nilisema kwa muda mrefu. Nilipomaliza, mvua ilikuwa imekatika. Jasson alifungua mdomo. Evodius, bila kumtazama, akamkanyaga mguu. Nililiona hilo waziwazi na nilidhani ni kwa sababu wote wawili walikuwa wameguswa. Kisha Evodius akaleta Dume la Rugera kutoka ng’ambo ya mto, likaliinua gogo, mtoto akatoka.

Ni baada ya hapo ndipo Jasson, akipekua makaratasi kutafuta silaha, alipogundua ukurasa ambao Evodius hakutusomea. Ulikuwa na njia nyingine ya kumpata mtu: unatupa dadu nne, unaiondoa ndogo kuliko zote, unajumlisha zilizobaki. “Kumbe!” alifoka. “Kumbe kuna njia ya huruma, na wewe umeificha!” Evodius alisema njia ile inazaa mashujaa watupu, na mashujaa wakiwa wengi hakuna wa kusaidiwa. Jasson hakutaka falsafa. Alitaka akili mpya, akaitupa papo hapo kwa dadu nne, akapata saba, akalaani karatasi, bakuli na Uganda yote. Kisha Evodius akanigeukia mimi. Alisema polepole, akiyachagua maneno, kwamba kama nataka, ile ya kwanza naweza kuitupa upya. Ile tu. Alisema anadhani ni haki. Niliziona dadu nne kiganjani mwake; moja ilikuwa ya rangi tofauti, imetoka kwenye boksi jingine la ludo. Nikasema hapana, iache tano. “Una hakika?” “Ni yangu.” Aliinamisha kichwa, na sikuelewa kwa nini alionekana kama mtu aliyepokea adhabu na msamaha kwa pamoja.

Matokeo yalitoka, nikaenda chuo, baba akahamishwa tena. Jasson alikabidhiwa duka. Evodius alibaki na shamba. Baadaye alipata shughuli ya kukusanya kahawa upande wa Kyerwa, ambayo siku zetu ilikuwa bado sehemu ya Karagwe, akawa anapita huko na kurudi Bweranyange kulala. Tuliandikiana, kisha tukapigiana, kisha tukatumiana salamu za sikukuu. Mimi nilisomea Kiswahili, nikafundisha Kiswahili, nikawa mkuu wa shule, na mahali popote nilipofika nilikuwa na sentensi moja ya kujielezea, ambayo niliisema kwa mzaha na niliiamini kwa dhati: mimi ni mtu asiye na amani. Mchumba mmoja aliisikia akaondoka. Mwingine aliisikia akanioa nayo kwa miaka michache. Ilinifaa sana kazini. Mtu asiye na amani hawezi kulaumiwa kwa kutokaa, na hakuna anayemuuliza kama amechoka, kwa sababu amekwisha kusema mwenyewe kwamba nguvu si shida yake.

Evodius tulimzika kwenye shamba lake, kati ya migomba na mibuni, baada ya ibada ndefu ya Kinyambo ambayo nilielewa ndani yake majina ya watakatifu peke yake. Watu walipoanza kutawanyika, nilikwenda kukaa na mjane wake, Asteria, kwenye mkeka uliotandikwa juu ya nyasi ndani ya nyumba. Wanawake walikuwa wakipitisha kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Nilimpa pole, akaipokea, na kama wafanyavyo waliouguza muda mrefu, akaanza kunieleza ugonjwa. Kiswahili chake kilikuwa kama cha mumewe. “Mwezi wa mwisho, mwalimu, ilikuwa taabu,” alisema. “Amani yalimwishia. Hakuwa na amani hata ya kushika kikombe.”

Nilimshika mkono. “Alikuwa anasumbuliwa na nini moyoni?”

“Moyoni?” Asteria alinishangaa. “Moyoni hakuwa na neno. Alikuwa ametulia, anatania mpaka padri. Mikononi, mwalimu. Mikononi ndiko yalikoisha.”

Yalimwishia. Yalikoisha. Nimewasahihisha watoto upatanisho wa ngeli kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na masikio yangu yalilidaka neno lile kabla mimi sijataka lidakwe. Hatusemi amani yaliisha. Tunasema amani iliisha. Isipokuwa kama amani hii si ile. Isipokuwa kama ni neno jingine, la wingi, linalokaa kwenye ngeli moja na maji na mafuta, ambalo mtu anaweza kusema juu yake, bila kosa lolote, kwamba ni madogo.

Nilimtoa Jasson nje, tukasimama nyuma ya jiko ambapo moshi ulikuwa unatufukuza huku na huku. Nikamuuliza neno amani, katika Kinyambo na Kihaya, lina maana gani. Alinitazama kwa uso wa mtoto aliyekamatwa akiwa na miaka arobaini na zaidi.

“Amaani,” alisema, akiivuta ile silabi ya pili. “Nguvu. Nguvu za mwili.” Kisha, akiukwepa moshi: “Tulidhani unajua! Mwanzoni tulidhani unajua.”

“Halafu?”

“Halafu ile siku ya gogo. Ukatuhubiria pale sijui moyo, sijui nyumba inawaka, nguvu anazo. Nilitaka kukuambia, Evo akanikanyaga. Nusu anivunje dole. Ulipoondoka akaniambia, ‘Usimguse. Mimi niliandika namba, yeye amezaa mtu.’”

“Na akaniacha.”

“Alitaka kukuachia mlango, ndiyo maana akakwambia utupe upya. Ukamwambia ni yangu, kwa ile sauti yako ya kusahihisha watu. Angekwambia nini tena?” Alijifuta macho, kwa moshi au kwa kingine. “Tatu, Sudi alikuwa dhaifu tu. Hakuwa na matatizo mengine. Askari mwenye nguvu tano! Yule alitakiwa kufa siku ya kwanza. Unafikiri kwa nini hakufa? Nani alikuwa anabeba kila kitu?”

Dume la Rugera lilikuwa linabeba kila kitu. Nilisimama pale nikiipitia simulizi ile yote upya, mwaka mzima wa magogo, mageti, ndoo na majeruhi, na kila mahali nilipokuwa nimemwona mtu mwenye nguvu anayeteswa na moyo wake, nilimwona mtu aliyechoka, asiye na uwezo, aliyebebewa mzigo na rafiki yake asiye na akili, bila kushukuru, kwa sababu hakujua. Na amani, ile ninayoijua mimi, haikuwa na nafasi kwenye karatasi ile. Hakuna mtu aliyewahi kuitupia dadu. Sikucheka wala sikulia. Nilihisi uchovu, na ulikuwa uchovu wa kawaida kabisa, wa magoti na mabega, kama ambavyo ungekuwa siku zote kama ningeuita kwa jina lake.

Jioni ile tulirudi Kayanga. Mama Jasson, ambaye sasa haoni vizuri na hukaa kwenye kiti mlangoni pa duka akiwatambua wateja kwa nyayo, alipokea shikamoo yangu akaishika mikono yangu, akaipapasa hadi viwikoni. “Umekonda, mwanangu. Yule askari wako alikufa?” Nilimwambia hakufa. “Mh,” alisema. “Mungu mkubwa. Mimi ile kumi na saba yangu bado ninayo.” Kisha akamwita binti wa jirani aje aingize kiti chake ndani, kwa kuwa siku hizi, alisema, hata kiti kinamshinda, na alisema hivyo kama mtu anayesema kwamba jua limezama. Nililala kwenye chumba cha nyuma, ambacho bado kinanuka sabuni. Kama ningejua kwamba ile tano ilikuwa ya nguvu, ningezichukua zile dadu nne? Msichana wa umri ule, mwenye kiburi kile, nadhani angezinyakua. Au nadhani hivyo kwa sababu ni rahisi zaidi kuliko kukubali kwamba labda alisikia, mahali fulani, amani madogo ikisemwa kwa usahihi wake, akachagua maana iliyompendeza. Sijui. Nimekwisha kusema kwamba sijui.

Asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, nilisimama kibarazani nikapiga simu. Mkubwa wangu alinipa pole ya msiba, akauliza habari za safari, kisha akasema, kwa furaha ya mtu ambaye jibu analo tayari, “Sasa, Mwalimu. Tuandae uhamisho lini?”

“Sitakwenda,” nilisema. “Sina nguvu.”

“Unaumwa?”

“Hapana. Sina nguvu tu.”

“Mwalimu, wewe?”

“Mimi.”

Alisema atanipigia tena nikishapumzika. Nilimwambia apige, na kwamba jibu litakuwa hilo hilo, kisha nikakata, nikakaa kwenye ngazi. Jasson alitoka na ufunguo wa gari. Begi langu lilikuwa mlangoni. Aliunyoosha mkono, kwa mazoea tu, akiwa tayari anageuka kwenda.

“Lete.”

Nikampa.